Flasha ya Zamani Kwenda Minnesota: Ipime Nairobi Kwanza

Msomaji wa Kasarani ameniandikia hivi: "Fundi, habari ya kazi. Nimenunua Gikomba mashine ya kutafutia samaki. Ni sanduku la chuma lenye uso wa mviringo wenye namba 0 hadi 60, na waya mrefu wenye kichwa cheusi. Jina limefutika. Januari naenda kwa kaka yangu Minnesota, ambaye huvua kwenye ziwa la Mille Lacs likishaganda. Nimpelekee kama zawadi au nitaaibika? Nitajuaje kama inafaa barafuni nikiwa hapa Nairobi? Na nikirudi nayo, itanisaidia Naivasha?"

Ndugu yangu, hutaaibika, mradi usiipakie kabla ya kuipima. Mille Lacs ni ziwa pana lakini kina chake si kikubwa; mahali pake pa chini kabisa ni futi 42 hivi, kwa hiyo uso unaoishia 60 unatosha. Umri wa mashine usikutie hofu. Mambo ya kuangalia ni mawili: kama mota yake inashika mwendo hata kwenye baridi kali, na kama hicho kichwa cheusi, yaani transdusa, bado kina uhai. Yote mawili unaweza kuyajua bila kuvuka Limuru.

Uliyonunua ni flasha, yaani mashine inayoonyesha kina na samaki kwa vimweko vya taa kwenye uso wa mviringo. Mashine ya kwanza ya vitendo ya kutafutia samaki ilitoka Japani mwaka 1948, mikononi mwa ndugu wawili wa familia ya Furuno kule Nagasaki, kwa ajili ya meli za wavuvi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Carl Lowrance na wanawe wakaipunguza kwa kutumia transista hadi ikawa kisanduku cha kubebwa na mvuvi wa kawaida wa Marekani. Miaka ya 1970 wakaja Humminbird, kampuni ya Alabama, na baadaye Vexilar wakawapendeza sana watu wa Minnesota. Yako ni ya ukoo huo. Bila jina siwezi kukuambia ni ya nani, na kwa kazi unayoitakia haidhuru.

Wavuvi wa barafuni hawakuzing'ang'ania flasha kwa sababu ya mapenzi ya vitu vya kale. Skrini ya maji-fuwele, ile ya kalkuleta na ya simu za zamani, hupigwa na bumbuwazi kwenye baridi kali: picha inachelewa, inaacha vivuli, wakati mwingine haibadiliki kabisa. Taa ya neoni, ndiyo inayowaka ndani ya flasha, haijui baridi. Tena flasha huonyesha kinachotokea sasa hivi. Ukitikisa mshipi, unaona chambo chako kikitikisika kwenye uso wa mashine wakati huohuo. Samaki akisogea chambo, unamwona akisogea. Mvuvi anayekaa juu ya tundu moja na mshipi ulionyooka kwenda chini hahitaji ramani ya alikopita. Anahitaji kujua kilichoko chini yake dakika hii.

Sasa tuingie ndani ya sanduku, maana vipimo vyote vinatoka humo. Kuna mota ndogo inayozungusha kisahani, na pembezoni mwa kisahani kuna taa ya neoni. Kila kisahani kinapopita sifuri, sumaku iliyobandikwa humo inaamsha saketi: transdusa inapiga mlio mfupi usiosikika kwa sikio, na taa inawaka. Mlio unashuka, unagonga sakafu ya ziwa, unarudi. Mwangwi ukifika taa inawaka tena, ila sasa kisahani kimeshasogea. Umbali kilichosogea ndio kina. Kwa kuwa jambo hili linarudiwa mara nyingi kwa sekunde, jicho linaona mistari iliyotulia, wala haliioni taa moja inayokimbia.

Watengenezaji wa Marekani kwa kawaida walichukua kasi ya sauti majini kuwa futi 4,800 kwa sekunde. Futi 60 kwenda na 60 kurudi ni 120. Gawanya 120 kwa 4,800, unapata sekunde 0.025. Basi mzunguko mmoja wa kisahani chako unatakiwa kuchukua muda huo, yaani mizunguko 40 kwa sekunde, au 2,400 kwa dakika. Shika namba hiyo. Mota ikipungua mwendo kwa asilimia 5, mwangwi utaikuta taa haijafika mahali pake, na sakafu iliyo futi 40 itasomeka 38. Mashine haitapiga kelele wala kuzima. Itadanganya kimyakimya.

Namna ya kupima mwendo huo bila kifaa chochote ni hii, na binafsi naipenda kuliko kipimo kingine chochote. Fungua uso wa mbele, weka nukta moja ndogo ya rangi nyeupe kwenye kisahani, ile ya kufutia makosa ya kalamu inatosha. Washa mashine usiku chini ya taa ya tyubu yenye balasti ya zamani, ile nzito ya chuma, na zima taa nyingine zote. Stima ya Kenya ni ya hetzi 50, kwa hiyo tyubu hiyo hufifia na kung'aa mara 100 kwa sekunde. Kisahani kinachozunguka mara 40 kwa sekunde kinasogea sehemu 0.4 ya duara kati ya mng'ao mmoja na mwingine, na baada ya ming'ao mitano kinarudi palepale. Utakachoona ni nukta tano zilizopangana sawasawa, zimesimama. Zikitambaa polepole usijali, hata stima yenyewe huyumba kidogo. Zikikimbia kurudi nyuma, yaani kinyume cha mzunguko, mota ni nzito. Zikikimbia kwenda mbele, kidhibiti cha mwendo kimeharibika, au kuna mtu alishaweka mota isiyo yake. Tyubu za kisasa zenye balasti ya elektroniki hazifai kwa kazi hii, lakini balbu nyingi za bei nafuu za LED zinafifia vilevile na zinaweza kukusaidia. Kaka yako akitaka kurudia kipimo kule, mwambie stima yao ni hetzi 60, kwa hiyo ataona nukta tatu badala ya tano. Asije akadhani mashine imeharibikia ndegeni.

Ukishaona nukta tano zimetulia ukiwa sebuleni, umejibu nusu ya swali. Minnesota mwezi wa Januari, nyuzi 20 chini ya sifuri si habari ya kumshangaza mtu. Grisi iliyowekwa miaka 40 iliyopita, na ikakaushwa na joto la Gikomba, huko inakuwa gundi. Kwa hiyo mwombe mwenye bucha nafasi kwenye friza yake. Funga sanduku ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, waya za betri zikitokeza nje na mdomo wa mfuko ukiwa umefungwa kwa mpira, liache saa mbili kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, kisha liwashe likiwa bado ndani ya mfuko, chini ya ileile taa. Angalia nukta. Zikirudi nyuma kwa dakika moja halafu zikakamata, grisi ndiyo mbaya: mota isafishwe na ipewe oili nyepesi ya sintetiki, tone moja kwenye kila beringi. Mafuta ya cherehani ni bora kuliko grisi, ila baridi ya huko huyashinda nayo. Zisipokamata kabisa, au taa ikafifia ilhali mota iko sawa, tatizo liko kwenye saketi. Usifungue mfuko hadi sanduku lipate joto la chumba, la sivyo unyevu wa hewa utaganda juu ya kila kitu ndani na kisha utayeyuka penye stima.

Kwenye saketi, washukiwa wa kwanza ni kapasita za elektroliti. Maji yake ya ndani hukauka kwa miaka, na hata nzima hupungua nguvu kwenye baridi. Pale mtaa wa Luthuli utazipata kwa bei ya chai na mandazi. Soma ubavuni, chukua zilizoandikwa −40 au −55, uache za −25. Kisha pete za shaba na brashi zinazopeleka stima kwenye kisahani: zikiwa na uchafu, mistari inacheza na kukatika. Zisafishwe kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi. Fundi akichukua msasa mkali, mnyang'anye, maana mikwaruzo itakula brashi kwa msimu mmoja. Na asije akakushauri kubadilisha neoni kwa LED "iwe ya kisasa". Neoni inahitaji volti 90 na zaidi kuwaka, na saketi yote imejengwa kwa ajili yake; LED utakayochomeka hapo ni ya kuungua tu.

Hapo hapo nikuonye. Betri ni ya volti 12, lakini ndani mna transfoma inayopandisha hadi mamia ya volti kwa ajili ya transdusa. Kuna kapasita zinazoshika chaji hata baada ya kuzima. Kama hujazoea kulehemu saketi, nenda kwa mtu aliyewahi kutengeneza televisheni za kichogo. Hao wanajua kuheshimu volti zilizojificha, na Nairobi bado wapo.

Transdusa sasa. Ndani ya hicho kichwa cheusi kuna kigae cha kauri kinachotetemeka kikipewa stima, na kinachotoa stima kikitetemeshwa. Kikianguka sakafuni kinaweza kupasuka bila alama nje. Pima kwa mita: kati ya waya wa kati na ule wa kuzunguka pasiwe na njia ya stima, isipokuwa kwa zile chache zenye koili ndani. Ukipata njia ya moja kwa moja, mara nyingi maji yameingia kwenye waya. Kisha weka mita kwenye volti ndogo za AC na ugonge uso wa transdusa taratibu kwa kifutio cha penseli. Namba zikiruka, kauri ina uhai. Ikiwa imekufa, usitafute yoyote inayochomekeka. Flasha nyingi za zama hizo zilifanya kazi kwenye kilohetzi 200, za Lowrance mara nyingi 192, na transdusa ya kilohetzi 50 au 83 haitasikia chochote hata kama plagi yake inaingia vizuri. Bila jina la mashine, kutafuta mbadala ni kazi ya kubahatisha, na hapo ningekuambia uiweke kabatini iwe pambo.

Kipimo cha mwisho kinahitaji maji, na ndoo haitoshi. Baada ya kupiga mlio, transdusa huendelea kutetemeka kidogo, na mtetemo huo hufunika futi moja hadi tatu za mwanzo kwenye uso. Ndoo yote imo humo. Usiende Bwawa la Nairobi, magugumaji yaliyojaa pale yatakumaliza moyo. Tumia bwawa la kuogelea, na badala ya kuelekeza transdusa chini, ielekeze ukuta wa ng'ambo. Ifunge kwenye fito, izamishe katikati ya uso wa maji na sakafu, na upime umbali hadi ukutani kwa futi kamba. Umbali wa futi 30 hadi 50 ni mzuri. Utaona mistari ya ziada kwa sababu sauti hutawanyika ikagusa sakafu na uso wa maji. Wewe tafuta ule mnene ulio karibu na namba uliyopima. Betri peke yake, tafadhali. Usilete waya wa stima ya ukutani karibu na bwawa, na umweleze mlinzi unachofanya kabla hajakuona ukizamisha kitu cheusi chenye nyaya.

Usitarajie namba ileile hasa ya futi kamba. Maji ya nyuzi 25 hupitisha sauti kwa mita 1,497 hivi kwa sekunde, na mashine yako inadhani ni 1,463. Ukuta ulio futi 40 utasomeka 39 na kidogo. Chini ya barafu, maji huwa kati ya sifuri na nyuzi 4, na yale ya nyuzi 4, mazito kuliko yote, yako chini. Humo sauti inakwenda mita 1,421 au pungufu, kwa hiyo sakafu ya futi 40 itasomeka 41 na ushei. Mashine nzima kabisa inaweza kutofautiana na nafsi yake kwa futi mbili kati ya Kasarani na Mille Lacs. Kwa mvuvi haina madhara, maana chambo, samaki na sakafu vyote vinakosewa kwa kiasi kilekile, na anachotazama ni nafasi kati yao.

Kama bwawa ni refu kuliko uso wa mashine, utakutana na jambo ambalo nataka ulielewe vizuri kabla hujafika barafuni. Elekeza flasha ya futi 60 kwenye ukuta ulio mita 25, yaani futi 82. Mwangwi utarudi kisahani kikiwa kimeshamaliza mzunguko mmoja na kuanza wa pili, na mstari utatokea kwenye 22. Ziwani hali hii inakuja kwa mlango mwingine. Sakafu ngumu ya mawe au changarawe hurudisha sauti kwa nguvu hadi inagonga barafu kwa chini, inashuka tena, na kurudi mara ya pili. Pale penye futi 25, utaona mstari wa pili kwenye 50, na wazee wa kazi huutafuta kwa makusudi, kwa sababu tope halirudishi mwangwi wa pili na samaki aina ya walleye hupenda kingo za changarawe. Lakini pale penye futi 40, mwangwi wa pili ni 80, na kwenye uso wako 80 inaonekana kama 20. Utaona mstari mzuri, umetulia, katikati ya maji, udhani ni samaki. Utamshushia chambo nusu saa na hatakuja, kwa sababu hayupo. Punguza usikivu wa mashine kidogo: mara nyingi mwangwi wa pili hutoweka. Na samaki wa kweli hakai mahali pamoja nusu saa bila hata kutikisika.

Kuhusu barafu yenyewe, watu watakuambia flasha inaona kupitia barafu bila kutoboa. Ni kweli kwa barafu safi tu. Barafu angavu, isiyo na viputo vya hewa, ukiimwagia maji kidogo juu na kukandamiza transdusa, inapitisha sauti vya kutosha kusoma kina kabla ya kuhangaika na keekee. Barafu nyeupe, iliyotokana na theluji iliyolowa, imejaa hewa, na hewa huzuia sauti hizi kabisa. Unaweza kuliona hilo hapa hapa. Nunua bonge la barafu kwa wauza samaki; mara nyingi moyo wake ni mweupe kwa hewa iliyonaswa. Lingine litengeneze mwenyewe: jaza maji kwenye kuluboksi isiyofunikwa, iweke ndani ya friza, na utoe tabaka la juu kabla maji yote hayajaganda. Hilo litakuwa angavu. Yaelee yote mawili kwa zamu kwenye upande wenye kina wa bwawa, transdusa juu yake, na ulinganishe. Usisumbuke kwenda na mashine kwenye uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari. Barafu wanayochezea Ice Lions, timu ya magongo ya barafuni, ni tabaka jembamba, na chini yake ni sakafu.

Mkishafika ziwani, toboeni tundu na mlisafishe. Ule uji wa barafu unaobaki juu umejaa hewa na utafunika kila kitu. Shusha transdusa hadi ipite ukingo wa chini wa barafu. Yako ilitengenezwa kwa kufungwa kwenye boti, kwa hiyo haijui kuning'inia. Pitisha waya katikati ya kipande cha boya na hakikisha kichwa kinatazama chini wima. Ikiinama nyuzi 10 kwenye maji ya mita 12, itakuwa inatazama mahali palipo mita mbili kando ya chambo chako, nawe utalaumu chambo. Zungusha nobu ya usikivu, ile inayofanana na ya volyumu, hadi sakafu ionekane, kisha shusha chambo na uongeze hadi mstari mwembamba wa chambo utokee. Hapo simama. Wageni wengi huipandisha hadi mwisho, uso wote ukawaka kama harusi, wakadhani wamepata kundi.

Mstari wa samaki hutokana zaidi na hewa iliyo ndani yake kuliko na nyama. Nyama ya samaki na maji havitofautiani sana kwa sauti. Kinachorudisha mwangwi ni bondo, yaani kifuko cha hewa, lile lile ambalo kwa mbuta wa Ziwa Viktoria hukaushwa na kusafirishwa China kwa bei inayozidi minofu. Walleye na perch wa Minnesota wanalo, kwa hiyo wanaonekana vizuri. Kwenye neoni ya rangi moja nguvu ya mwangwi inasomwa kwa unene wa mstari. Vexilar waliongeza rangi tatu, kijani kwa mwangwi dhaifu, chungwa kwa wa kati, nyekundu kwa wenye nguvu, na huo kwa maoni yangu ndio ulikuwa ubunifu wa maana kuliko namba nyingi zilizokuja baadaye.

Kumbuka pia kwamba sauti inapanuka ikishuka. Transdusa yenye pembe ya nyuzi 20 kwenye mita 12 inafunika duara la zaidi ya mita nne. Samaki aliye ukingoni mwa duara hilo ataonekana ingawa yuko mita mbili kando, tena ataonekana kama yuko chini kidogo kuliko alipo. Kwenye mteremko ni vibaya zaidi: sehemu ya juu ya mteremko inajibu kwanza, na samaki aliyelala kwenye bonde anamezwa na mstari wa sakafu. Mashine yako isitazamiwe kutenganisha samaki na sakafu kama mpya. Mlio wa sekunde 0.0005, na wa zamani wengine ulikuwa mrefu hivyo, unaunganisha vitu vyote vilivyo ndani ya sentimita 36. Samaki anayelamba tope utamkosa.

Majirani ndio udhaifu wake mkubwa. Wikendi, kwenye ziwa kama Mille Lacs, vibanda vinakaribiana, na kila kimoja kina mashine kama hii inayopiga kwenye masafa yaleyale. Flasha za baadaye zina kitufe cha kuchuja milio ya wengine. Yako inaweza kuwa haina. Utaona vimweko vinavyozunguka uso mzima bila mpangilio. Punguza usikivu, sogea mbali, au muombe jirani kwa heshima mpokezane.

Mtu akikuambia flasha itakupa unene wa barafu, usimsikilize. Ule mtetemo wa mwanzo unafunika eneo hilo lote. Unene unapimwa kwa kutoboa na kuweka rula. Mwongozo wa jimbo la Minnesota kwa mtu anayetembea kwa miguu ni inchi 4 za barafu mpya iliyo angavu, na barafu nyeupe inahitaji unene maradufu. Wewe ni mgeni, fuata nyayo za kaka yako, na mkate leseni ya uvuvi ya asiye mkazi kabla ya kushusha ndoana.

Kwa nguvu, betri ya risasi ya volti 12 na saa-ampea 7, ile ya UPS au ya king'ora, ndiyo inayotumika hata kule. Hapa utaipata Luthuli kwa ajili ya vipimo. Usipande nayo ndege. Kaka yako anunue ya kwake. Baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri huipunguza karibu nusu, na ikiachwa tupu usiku kwenye baridi inaganda na kupasuka. Wengi siku hizi wananunua za lithiamu kwa sababu ni nyepesi, nazo ni nzuri, ila zisichajiwe zikiwa chini ya sifuri. Weka fyuzi kwenye waya mwekundu, na hakikisha chanya ni chanya, maana transista za zamani hazisamehi kugeuziwa. Transdusa ibebe kwenye mkoba wa mkononi, imefungwa kwa sweta.

Kama kaka yako anavua maji ya futi 100 au zaidi, au kila mara katikati ya umati, mnunulie Vexilar ya mtumba huko huko, aina ya FL-8, na hii yako ibaki nyumbani. Kwa mwenye tundu lake peke yake juu ya futi 30, na vipimo vya bucha na bwawa vikiwa vimepita, mimi ningeibeba.

Naivasha itakusaidia, ila kwa kazi nyingine. Ziwa lile si la kina kirefu, isipokuwa upande wa Kisiwa cha Crescent penye kreta ya zamani, na karibu na ufuko kina kitakuwa ndani ya zile futi za mwanzo ambazo mashine haioni. Itakupa kina na ukingo wa tope zaidi kuliko itakavyokuonyesha tilapia. Boti likikimbia, viputo chini ya transdusa vitafuta kila kitu, kwa hiyo ifunge nyuma, mbali na propela, na usome mkiwa mmepunguza mwendo. Inatazama chini tu. Kiboko atakuja kwa ubavuni, na huyo mwachie nahodha.